Kuongoza Kundi la Skauti: Mwongozo Kamili kwa Viongozi wa Kujitolea

Kiongozi mpya wa skauti kwa kawaida huanza kwa kubeba kila kitu mwenyewe: yeye ndiye mpiga filimbi, mwalimu wa mafundo, mtunza kamba na mwamuzi wa ugomvi. Miezi michache baadaye amechoka, na vijana wamezoea kukaa wakingoja kuambiwa. Skauti haikubuniwa hivyo. Mwaka 1907, katika kambi ya majaribio kwenye Kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Robert Baden-Powell aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Mpangilio huo bado ndio unaobeba kundi. Karibu kila ushauri ulio hapa unalenga kukusaidia kuwakabidhi viongozi wa vikosi kazi halisi, wewe ukibaki na yale ambayo mtoto hapaswi kubebeshwa: usalama, fedha na wazazi.

Vipimo na muda uliotajwa ni kwa vijana wa miaka 11 hadi 15. Ukiwa na wadogo zaidi, fupisha kila kipindi na ongeza michezo.

Watu wazima kwanza

Usifungue kundi ukiwa peke yako. Mnahitajika watatu au wanne, maana mmoja ataugua, mwingine atasafiri, na shughuli yoyote inataka angalau wawili. Gawaneni kazi kwa maandishi: kiongozi wa kundi, msaidizi wa programu, mtunza vifaa, mweka hazina. Kila mmoja asajiliwe na chama cha skauti cha nchi yake, apate mafunzo ya awali, na apite uchunguzi wa mwenendo kabla ya kuachiwa watoto. Anayekasirika akiombwa wadhamini, mshukuru na umwache aende.

Ulinzi wa watoto una kanuni ambazo hazijadiliwi, hata kwa mtu mnayemwamini sana:

- Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya faragha yafanyike mnapoonekana na wengine lakini hamsikiki.
- Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Wavulana na wasichana hulala na kuoga sehemu tofauti.
- Ujumbe wa simu kwa kijana hupitia kundi la pamoja lenye wazazi au mtu mzima wa pili. Hakuna ujumbe wa wawili tu.
- Picha za watoto hazirushwi mtandaoni bila idhini ya maandishi ya mzazi.

Mtoto akikueleza kwamba ametendewa vibaya, sikiliza hadi amalize. Usimwahidi siri, mwambie kwamba utawaeleza watu wanaoweza kumsaidia. Usimhoji kama polisi na usimwendee mtuhumiwa. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, siku hiyohiyo, weka tarehe na saa, kisha mfikishie msimamizi wa ulinzi wa watoto au vyombo vya sheria. Kosa linalorudiwa kila mahali ni viongozi kukaa kikao cha "kulimaliza nyumbani" ili jina la kundi lisichafuke. Kikao hicho humpa mkosaji muda na humfundisha mtoto kunyamaza.

Kuhusu fedha, maneno machache yanatosha: risiti kwa kila senti, kitabu kimoja cha mapato na matumizi, watia saini wawili wasio ndugu, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila muhula. Sare nazo zisiwe kizuizi. Skafu inatosha kuanzia, sare kamili itafuata.

Kuunda vikosi

Kikosi kizuri kina vijana 6 hadi 8. Wakipungua chini ya 5, wawili wasipofika kazi inakwama. Wakizidi 8, wadogo hujificha nyuma na kuangalia tu. Changanya umri ndani ya kikosi: wakubwa wawili, wa kati watatu, wadogo wawili au watatu. Kuna kishawishi cha kuweka wa rika moja pamoja kwa kuwa wanaelewana. Ukifanya hivyo utakuwa na kikosi kimoja kinachoshinda kila kitu na kingine kisichojua hata kusimamisha hema. Marafiki wawili waruhusu wakae pamoja, watano hapana.

Kiongozi wa kikosi achaguliwe na wenzake, nawe ubaki na haki ya kushauriana nao kabla ya kumthibitisha. Atumikie miezi 6 hadi 12. Yeye mwenyewe achague msaidizi wake. Kila mwanakikosi apewe kazi yenye jina: mwandishi, mtunza vifaa, mpishi mkuu, mhudumu wa huduma ya kwanza, mtunza fedha za kikosi. Kazi isiyo na jina haifanywi na mtu.

Kisha itisha baraza la viongozi wa vikosi mara moja kwa mwezi, kwa dakika 45, na lisizidi hapo. Kiongozi mkubwa miongoni mwa vijana ndiye anayeongoza kikao. Wewe keti pembeni. Ajenda ni ileile: mambo ya mwezi uliopita, programu ya wiki nne zijazo, nani anafundisha nini, vifaa gani vinakosekana, nani hajaonekana siku nyingi. Una kura moja tu, na ni ya turufu: utaitumia kwenye usalama, fedha au sheria. Ukiitumia kwa sababu hupendi mchezo waliouchagua, mwezi ujao baraza litakugeukia kila swali na kuuliza, "Wewe unasemaje?" Hapo baraza limekufa.

Vijana wa miaka 13 hawajui kuongoza kwa sababu tu wamefungwa utepe begani. Wafundishe wao kwanza. Kila ustadi utakaofundishwa Jumamosi ijayo, wafundishe viongozi wa vikosi wiki moja kabla, dakika 30 baada ya mkutano, mpaka kila mmoja auonyeshe bila msaada. Hii ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote katika wiki yako, na ndiyo ya kwanza kuachwa viongozi wanapobanwa na shughuli.

Mkutano wa wiki

Dakika 90 zinatosha. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: dakika 5 za shughuli ya kuwapokea wanaowahi (fumbo, kamba, mchezo mdogo), dakika 10 za ufunguzi, bendera na ukaguzi, dakika 10 za mchezo wa kukimbia, dakika 25 za ustadi, dakika 20 za kazi za vikosi, dakika 10 za mchezo unaotumia ustadi uliofundishwa, na dakika 10 za matangazo na kufunga.

Paredi ndiyo mla muda mkubwa. Mkikuta gwaride limefika dakika 25, jua kwamba watu wazima ndio wanaoipenda. Hotuba nayo ina kikomo: dakika 3, tena mwishoni, watoto wakiwa wameketi na jua likiwa mgongoni mwao, si machoni.

Andaa kila mara shughuli moja ya akiba isiyohitaji kifaa chochote. Mvua itanyesha, mwenye ufunguo wa stoo atachelewa. Anza kwa saa iliyotangazwa hata kama wamefika sita. Ukiwasubiri wachelewaji leo, wiki ijayo waliowahi nao watachelewa.

Kufundisha ustadi: kufunga fito

Utaratibu ni eleza kwa ufupi, onyesha polepole, wafanye, sahihisha, kisha wautumie kwa jambo la kweli. Kufunga fito kwa msalaba ni mfano mzuri kwa kuwa kosa huonekana mara moja.

Kila wawili wapewe fito mbili nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita 1.5, na kamba ya mita 4 yenye unene wa milimita 6 hadi 8. Kamba ya plastiki inayoteleza haifai kwa wanaojifunza. Ya katani au pamba hushika vizuri.

1. Simamisha fito moja, nyingine ilale juu yake kwa mbele, zikutane kwa pembe mraba.
2. Anzia kwenye fito iliyosimama, chini kidogo ya makutano. Zungusha kamba mara moja, ivuke juu yake yenyewe, izungushe tena, kisha pitisha ncha chini ya huo mzunguko wa pili na uvute. Ncha fupi inayobaki isokote kwenye kamba ndefu.
3. Pandisha kamba ikipita mbele ya fito iliyolala, ipitie nyuma ya iliyosimama juu ya makutano, ishuke tena mbele ya iliyolala upande wa pili, ipitie nyuma ya iliyosimama chini ya makutano. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya mitatu, na kila mmoja uvutwe kabla ya kuanza unaofuata.
4. Sasa zungusha kamba mara mbili au tatu kati ya fito zenyewe, ikibana ile mizunguko ya kwanza. Hapa ndipo nguvu zote hutumika: mmoja ashike fito, mwingine avute kwa uzito wa mwili.
5. Malizia kwenye fito iliyolala kwa fundo lilelile la mwanzo.

Kazi ikilegea, tazama sehemu tatu. Mizunguko imepandana badala ya kulala sambamba: ifungue yote, haina dawa. Hatua ya nne ilivutwa kwa vidole tu: rudia kuanzia hapo. Fundo la mwanzo lilifungwa mbali na makutano: kamba itateleza mpaka ifike, nayo ikifika huwa imeshalegea.

Usiishie kwenye kusema "vizuri". Wape fito kumi, waseme wenyewe watajenga nini: kichanja cha kuanikia vyombo, meza, lango la kambi. Kichanja kikianguka na sufuria, kikosi kitajisahihisha bila wewe kusema neno. Jambo moja tu usiliachie vikosi peke yao: kitu chochote kitakachobeba mtu kwa urefu unaozidi mita 1, mtu mzima akikague fundo kwa fundo.

Nidhamu na Ahadi

Viboko, kupiga magoti juani, kuruka kichura na kuadhibu kikosi kizima kwa kosa la mmoja havina nafasi. Mbali na kuumiza, vinawafanya wakubwa wavirudie kwa wadogo usiku, wewe ukiwa umelala. Anayevuruga mwite jina lake, mpe kazi yenye mwendo, kisha zungumza naye faraghani kwa utaratibu uliotajwa juu. Akirudia mara ya tatu, mzazi aitwe. Uonevu wa kuwakaribisha wageni uukatae siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wote.

Ahadi isitolewe kwa pupa. Kijana aape akiwa ameelewa maneno anayoyasema, anaijua Sheria ya Skauti kwa mifano ya maisha yake, na ameshiriki walau matembezi au kambi moja. Vidole vitatu vya saluti vinakumbusha sehemu tatu za Ahadi: wajibu kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi yake. Mwache aeleze hilo kwa maneno yake. Anayekariri bila kukosea huku macho yakiwa darini bado hajawa tayari.

Matembezi

Piga hesabu ya muda kabla ya kutangaza safari. Watoto wenye mizigo huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa kwenye njia nzuri, na kila mita 600 za kupanda huongeza saa 1. Kwa hiyo kilomita 9 zenye mlima wa mita 300 ni saa 3 za mwendo, nusu saa ya kupanda, na saa 1 ya mapumziko: saa 4 na nusu. Panga kufika saa 2 kabla ya giza. Weka pia saa ya kugeuka: ikifika hamjafika mnakokwenda, mnarudi, na hakuna mjadala.

Mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 40 abebe kilo 8, maji yakiwemo. Mwendo upangwe na anayekwenda polepole kuliko wote, naye awekwe karibu na mbele. Ukimwacha nyuma, kila mara atafika wenzake wakiwa wanamaliza kupumzika, na yeye hatapumzika kamwe. Mtu mzima mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, asiyepitwa na mtu. Wahesabu kila mnapoondoka na kila mnaposimama. Wapange wawiliwawili, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake, maana kuhesabu vichwa kunaonyesha kwamba mmoja hayupo, lakini mwenzake ndiye anayejua alipomwona mara ya mwisho.

Radi ni jambo linalochukuliwa kimzaha mno. Muda kati ya mwanga na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, ingieni kwenye jengo imara au gari lililofungwa. Msisimame chini ya mti ulio peke yake, wala kileleni. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kambi

Kambi ya kwanza iwe ya usiku mmoja, karibu na nyumbani. Nenda ukapaone mahali wiki mbili kabla, tena kwa saa ileile mtakayofikia. Angalia matawi makavu juu ya sehemu ya mahema, mkondo wa maji ya mvua, umbali wa kituo cha afya, na kama simu inashika. Bonde la mto lililokauka si uwanja wa kambi, hata kama ni tambarare na lina kivuli.

Fomu ya mzazi iwe na namba mbili za dharura, mzio, magonjwa, dawa na ruhusa ya matibabu. Dawa zote zitunzwe na mtu mzima mmoja, naye aandike kila dozi anayotoa. Kipulizo cha pumu hakifungiwi. Kinakaa na mtoto mwenyewe.

*Maji.* Hesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Watu 30 wanahitaji lita 450, yaani madumu 23 ya lita 20. Viongozi wengi huhesabu ya kunywa tu, na jioni ya kwanza vyombo vinabaki bila kuoshwa. Maji yasiyo na uhakika yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3.

*Choo.* Kiwe upande wa chini wa chanzo cha maji, mita 60 kutoka hapo, na upepo usielekee jikoni. Handaki la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60, rundo la udongo na koleo pembeni, kila anayetumia afukie. Shimo moja kwa kila watu 20, ya wavulana na wasichana mbalimbali. Maji ya kunawa na sabuni yawe mlangoni pa choo na mlangoni pa jiko. Kuharisha kambini mara nyingi huanzia mikononi, na watu hulaumu mpishi. Akitokea wa kuharisha, mchanganyie lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogokidogo, na mpeleke kituo cha afya akidhoofika, akitoa damu au asipoweza kunywa.

*Jiko na moto.* Kila kikosi kijipikie. Nafaka kavu gramu 100 hadi 120 kwa mtu kwa mlo ni kipimo cha kuanzia. Mlo wa kwanza uwe rahisi, maana watakuwa wamechoka na mahema bado hayajasimama. Fyeka duara la mita 3 kwa ajili ya moto, mita 5 au zaidi kutoka kwenye hema la karibu, na ndoo ya maji ijazwe kabla kiberiti hakijawashwa. Moto uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, mpaka majivu yaweze kuguswa kwa mkono. Mkaa au jiko lolote halingii ndani ya hema, hata usiku wa baridi kali: gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu usingizini.

Aliyeungua awekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zikivuliwa mapema. Dawa ya meno, mafuta na siagi vinahifadhi joto ndani ya ngozi na kumpa daktari kazi ya kuvisugua. Malengelenge yasipasuliwe.

*Usiku.* Hapa ndipo wageni hulia, na wengi wao hulia kwa sababu ya baridi kutoka ardhini kabla hata ya kuikumbuka nyumba. Chini ya mwili pawe na mkeka au godoro jembamba. Blanketi la juu pekee halitoshi. Walale na nguo kavu ambazo hazikuvaliwa mchana. Kila mtoto ajue hema la watu wazima ni lipi, na aende huko akiwa na mwenzake. Viongozi wawili wabaki macho kwa zamu mpaka kelele ziishe, ambazo usiku wa kwanza haziishi kabla ya saa 6.

Baada ya kurudi

Hakuna kiongozi anayeondoka uwanjani kabla mtoto wa mwisho hajachukuliwa na mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Ajali yoyote, hata mkwaruzo, mzazi aisikie kutoka kwako kabla ya kuisikia kwa mtoto.

Ndani ya wiki moja, baraza la viongozi wa vikosi likae na maswali matatu: nini tukirudie, nini tukiache, nini tukijaribu. Wao waseme kwanza, wewe mwisho. Majibu yaandikwe kwenye daftari moja na mpango wa kambi, orodha ya vyakula vilivyobaki na vilivyopungua. Watunza vifaa wa vikosi wahesabu vigingi, wakague mishono na wapime kamba. Kilichoharibika kiandikwe pamoja na jina la atakayekitengeneza na tarehe. Mahema yaanikwe siku inayofuata, hata yale yaliyokunjwa yakionekana makavu, kwa kuwa unyevu wa umande hubaki kwenye mikunjo na ukungu huota baada ya siku mbili tatu.